Kurasa Arobaini na Mvushaji Mmoja

Swali: Mimi ni mgeni katika kuendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule ambao kila mchezaji ni mtu mmoja ndani ya hadithi na dadu huamua penye mashaka. Nina wachezaji watano na tumeshakaa vikao 6. Kabla hatujaanza niliandika kurasa 40: falme mbili, vita vinavyonukia, msaliti ndani ya baraza la mfalme. Kikao cha tatu walitakiwa wamfuate mjumbe hadi ngomeni. Njiani palikuwa na kivuko, wakamuuliza mvushaji jina lake. Sikuwa nalo, nikasema Dafu. Basi ikawa Dafu, Dafu, Dafu: anadaiwa na nani, mkewe yuko wapi, mashua mbona imefungwa mnyororo. Mjumbe wakamsahau kabisa. Mwishowe nilikichoma kivuko usiku ili waondoke. Waliondoka, lakini tangu siku hiyo meza imepoa. Mmoja anaongea kwa niaba ya wote, wawili wako kimya, mmoja anachezea simu. Natumia saa nne kuandaa kikao cha saa tatu na bado naharibu. Nikaze kamba, nitupe kurasa zote, au nimwachie mwingine kiti?

Jibu:

Kiti usimwachie mtu. Anayeweza kuzua mvushaji papo kwa papo, watu watano wakasahau vita vya falme mbili kwa ajili yake, hajakosa kipaji. Kilichokuponza ni kitu kimoja, na sijui aliyewahi kukaa upande huo wa meza asipitiwe nacho: ulidhani kazi yako ni kusimulia. Kazi yako ni kujibu.

Tazama mchezo wenyewe unavyokwenda. Unaeleza hali: mto umefurika, kamba ya kivuko imelegea, ng'ambo kunafuka moshi. Unauliza, "Mnafanya nini?" Wanasema. Kisha unawaambia kimetokea nini, kwa akili yako pale jibu lilipo wazi, kwa dadu pale linapobishaniwa. Na kwa kuwa hali imeshabadilika, unauliza tena. Ni hivyo tu kwa saa tatu, na kwa miaka ukipenda. Kueleza hali hata mvivu anakumudu. Kinachotoa jasho ni lile jibu, na maandalizi yote yenye maana ni ya kukusaidia kulitoa haraka na kwa haki. Kurasa zako 40 zilijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Walipouliza la kwao, "Dafu anadaiwa na nani?", hukuwa na kitu mfukoni. Ukaingiwa na hofu, ukawasha kiberiti.

Ujipe moyo kidogo, kwa sababu mchezo huu wenyewe ulizaliwa katika kikao kilichoharibika kama chako. Mwaka 1969 huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo wa vita wa enzi za Napoleon. Mji wa kubuni, Braunstein, uliwekwa katikati ya majeshi mawili, na badala ya kila mtu kupewa kikosi, wengine walipewa kuwa watu wa mji: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu, kila mmoja na shabaha yake. Vita havikufika popote. Wachezaji walizagaa, wakanong'onezana pembeni, wakapatana na kusalitiana, wawili wakataka kupigana ana kwa ana, na Wesely akabaki akihaha kubuni majibu ambayo hakuyaandaa. Aliamini ameharibu kila kitu. Wenzake wakamng'ang'ania aandae mwingine. Katika kundi hilo alikuwemo Dave Arneson, ambaye baadaye aliendesha kampeni yake, yaani mfululizo wa vikao vya ulimwengu mmoja, iliyoitwa Blackmoor, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons.

Sasa angalia Wesely alikuwa na nini mkononi siku ile. Hadithi ya kusimulia hakuwa nayo. Alikuwa na mji ulio hatarini, na watu ambao kila mmoja alikuwa anataka kitu. Hicho ndicho kiliwawasha, na ndicho Dafu alichowasha mezani kwako bila wewe kukusudia.

Basi tumchukue huyo huyo Dafu tumwandae sawasawa. Kwa kila mtu ninayedhani wachezaji watazungumza naye, naandika mistari mitatu: anataka nini, ana nini mkononi, na kesho atafanya nini asipotokea wa kumzuia. Ukoo wake siandiki, wala rangi ya macho. Dafu anataka kuikomboa mashua yake kabla ya mvua kubwa. Mkononi ana kitu kisicho na mwingine mto ule: anajua pa kuvukia maji yakifurika. Asipozuiwa, kesho atakubali kazi ya usiku kutoka kwa mtu asiyemfahamu, kwa sababu malipo yake yanafuta deni lote.

Mistari mitatu, na tayari una kikao kizima. Lakini nenda hatua moja zaidi, urudi kwenye vita vyako. Jeshi lenye farasi na mikokoteni litavukia wapi mto? Kivukoni. Falme mbili zinatazamana na mlango uliopo kati yao umeshikwa na mzee mwenye deni. Mdai wake ni nani? Ningekuwa mimi, ningesema ni mtu wa yule msaliti wa barazani, anayenunua madeni ya wavushaji mmoja baada ya mwingine, mto mzima, kimyakimya. Unaona sasa? Wachezaji wako hawakuikimbia hadithi yako. Waliingia kwa mlango wa uani, nawe ukaupigilia misumari.

Kwa hiyo kurasa usizitupe. Zifanye ghala. Humo mna watu, majina, ramani, ugomvi wa zamani; vyote vina kazi, isipokuwa ule mpangilio wa "kisha wataenda ngomeni, kisha watagundua, kisha watapigana". Huo ndio ukate bila huruma. Popote uliposema wachezaji *watafanya* jambo fulani, umeandika kitu ambacho si mali yako.

Nikirudi kwenye moto: kosa halikuwa kuchoma. Mashua huungua. Kosa ni kwamba hapakuwa na aliyeichoma. Katika ulimwengu wenu hakuna aliyetaka kivuko kiungue usiku ule. Aliyetaka ni wewe, umekaa kwenye kiti, umeangalia saa. Wachezaji hunusa jambo hilo haraka kuliko unavyodhani, na wakishanusa, hujifunza somo moja: tukipenda kitu, kitachomwa. Mtu aliyejifunza hivyo hasumbuki kupenda tena. Anatoa simu. Mimi siku hizi kabla sijafanya jambo zito najiuliza maswali mawili: nani anafanya hili, na kwa nini leo? Nikiwa na majibu *kabla*, nachoma bila wasiwasi. Nikijikuta natafuta majibu baada ya kuamua, najua ni mimi ninayechoma, nauweka kiberiti chini.

Utauliza: kama siwasukumi, si watakaa kivukoni hadi kiama? Hapana, kwa sababu ulimwengu hauwasubiri. Hapa kuna zana moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni saa ya kuchora. Ilienea kupitia mchezo wa Apocalypse World wa Vincent na Meguey Baker, wa mwaka 2010, na baadaye mchezo wa Blades in the Dark wa John Harper. Unachora duara, unalikata vipande 4, 6 au 8, juu yake unaandika jambo litakalotokea duara likijaa. Kila wachezaji wanapochelewa, wanapokosea, au adui anapopata nafasi, unatia wino kipande kimoja. Kwa kivuko chako ningechora vipande 6 na kuandika "Jeshi linavuka". Kipande cha kwanza: wageni wawili wanapima kina cha mto kwa fito, wanasema wao ni wavuvi, lakini hawana nyavu. Cha pili: mvushaji wa kijiji cha juu haonekani tena. Cha tatu: bei ya kamba na ya lami inapanda, kuna mtu ananunua zote. Cha nne: mkewe Dafu anarudi usiku, amebeba watoto, na hataki kusema katoka wapi. Viwili vya mwisho utaviandika ukifika, ukishajua wamemfanya nini huyo mnunuzi wa kamba.

Duara hilo mimi hulilaza katikati ya meza, kila mtu akalione. Wapo wanaolificha, nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mchezaji akiona wino unaingia kipande cha nne hahitaji kusukumwa na mtu. Anakimbia mwenyewe, na mbio ni zake.

Jambo jingine ambalo najua litakupata, kwa sababu una msaliti: ushahidi. Niliwahi kuendesha kisa cha mauaji chenye barua moja tu ya kumfichua muuaji, chini ya ubao wa sakafu. Wachezaji waliingia chumbani, wakapekua, dadu ikagoma. Wakatoka. Kwa saa nzima na nusu walizunguka mji ule wakiwahoji wauza maua, na mimi nimeikalia barua kama kuku aliyekalia yai bovu. Mwishowe nikamtuma paka aikwarue sakafu. Wakacheka sana, na haikuwa kwa furaha. Justin Alexander, mwandishi wa mambo ya michezo hii, ana kanuni niliyoishika tangu siku niliyoisoma: kila jambo unalotaka wachezaji waling'amue, liwekee vidokezo vitatu kwa uchache. Cha kwanza watakipita, cha pili watakielewa kinyume, cha tatu kitawasimamisha. Robin Laws, aliyebuni GUMSHOE, mfumo wa sheria za michezo ya upelelezi, alikwenda mbali zaidi: kidokezo cha lazima hakitupiwi dadu kabisa. Mpelelezi mwenye ujuzi unaofaa akifika mahali penyewe, anakipata. Mchezo ni kujua kinamaanisha nini. Kwa msaliti wako, basi: hati za madeni zenye mhuri uleule, mjumbe anayelipwa kwa sarafu za ufalme wa pili, na Dafu mwenyewe aliyesikia sauti gizani akiwa anavusha. Viweke mahali patatu tofauti, usivirundike kwenye chumba kimoja.

Hili linanileta kwenye dadu, na hapa nataka tukae kidogo, maana kampeni nyingi zinafia hapa bila mtu kujua kilichoziua.

Hebu tuseme wachezaji wako watano wanataka kupita nyuma ya kambi bila kuonekana, nawe unamwambia kila mmoja atupe dadu. Kila mmoja ana nafasi ya 65 kwa 100, ambayo ukiitazama ni nzuri. Lakini akishindwa mmoja, walinzi wanaamka. Nafasi ya wote watano kupita ni 65 kwa 100 ikizidishwa yenyewe mara tano: kama 12 kwa 100. Umewaambia mpango wao unawezekana, kisha hesabu ikawahukumu kushindwa, na hakuna mezani aliyeona ilipotokea. Fanya hivyo mara tatu uone kama kuna atakayejaribu tena kunyata. Wataingia kila mahali kwa panga, nawe utalalamika kwamba wachezaji wako wanapenda kupigana tu. Tafuta njia nyingine: atupe mmoja kwa niaba ya kundi, au watupe wote na itoshe kwamba nusu wamefaulu.

Ubaya huohuo upo kwenye kutupisha dadu mara tatu kwa kazi moja. Kupanda ukuta ni kupanda ukuta. Ukidai dadu chini, katikati na juu, kwa mtu mwenye nafasi ya 70 kwa 100 umeishusha hadi 34. Jibu likishatolewa, limetolewa.

Na kabla ya kudai dadu, jiulize: akishindwa, nitasema nini? Kama huna la kusema zaidi ya "hamna kitu", usitupishe. Mpe anachotaka msonge mbele. Apocalypse World imelijenga hilo kwenye hesabu yenyewe. Unatupa dadu mbili za pande 6 unajumlisha. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu kwa raha. Kati ya 7 na 9, umefaulu ila kuna cha kulipa. Ukipata 6 au chini, mwendesha mchezo anapewa zamu ya kuwapa shida. Bila nyongeza yoyote, mafanikio kamili ni njia 6 kati ya 36, na ya kulipia ni 15 kati ya 36. Maana yake mtu akifaulu, mara nyingi jibu ni "ndiyo, lakini". Unaweza kuliazima hilo hata kama mezani kwenu mnatumia dadu ya pande 20. Amekosa kwa alama moja au mbili? Mlango umefunguka, ila ufunguo umekatikia ndani.

Mimi natupa dadu hadharani, sizifichi nyuma ya pazia la karatasi. Wapo waendesha mchezo wakubwa wanaoficha ili waweze kumwokoa mtu kwa uongo mdogo, na najua nia yao ni njema. Ila siku wachezaji watakapogundua umewahi kudanganya mara moja, kila ushindi wao wa nyuma unapoteza utamu. Ukiona kuna jambo lisilopaswa kutokea mezani kwenu, sema kabla ya dadu kugusa meza.

Sheria msizozikumbuka katikati ya kikao zisikusumbue. Amua ndani ya dakika moja, andika pembeni, mkatafute kitabuni mkimaliza. Mjadala huu wa sheria au akili ya mwamuzi ni wa zamani kuliko michezo yetu. Mwaka 1824 von Reisswitz, afisa wa Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, alitoa mchezo wa kufundishia vita wenye majedwali na mwamuzi wa kuyasoma. Mwaka 1876 Verdy du Vernois, afisa wa Prussia vilevile, akapendekeza majedwali yapunguzwe na mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake, kwa sababu mchezo ulikuwa unazama kwenye hesabu. Wewe si jenerali, lakini upande wangu unaujua.

Sasa watu wako. Umenipa watano lakini umenieleza wanne tu. Huyo wa tano ambaye hukumtaja, mwangalie, huenda ndiye anayefurahia zaidi.

Msemaji wa wote usimgombeze. Mara nyingi anayeongea kwa niaba ya wenzake anafanya hivyo kwa sababu kimya kinamtisha, naye anaona anakusaidia, na kwa kweli amekusaidia. Tangu moto ule huenda yeye ndiye aliyebeba meza. Mbaya zaidi ni swali la "Na wewe je?" unalomgeuzia mkimya. Hilo ni swali la mwalimu kwa mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. Analazimika kubuni kitu kizima kutoka hewani huku watu wanne wanamkodolea macho, naye anajibu jibu pekee lililo salama: "Nawafuata."

Mpe swali dogo lenye meno. Mezani kwangu linakuwa hivi. Msemaji anasema, "Tunaingia ghalani." Nasema sawa, mlango umeusukuma, umefunguka kiganja kimoja. Kisha namgeukia mkimya, namwita kwa jina la mhusika wake: "Taa iko mkononi mwako. Ndani kuna mtu anakohoa, hajawaona. Unaizima au unaiacha inawaka?" Hapo nanyamaza. Nikimwona msemaji anafungua mdomo, nanyanyua kidole bila kumwangalia. Mkimya ana machaguo mawili, yote yana matokeo, na hakuna lenye kosa. Atasema "naizima". Na wewe, hapohapo, ufanye jibu lake liwe na uzito: giza limeingia, anayekohoa ameuliza, "Ni wewe, mwanangu?" Mtu aliyeona neno lake moja limebadilisha chumba kizima hataacha kuongea kwa muda mrefu. Kuna wanaopenda kukaa kimya na wanafurahia hivyo, lazima niseme. Waulize faraghani, usibahatishe.

Wa simu, muulize naye faraghani, swali moja: "Mhusika wako anataka nini?" Akikosa jibu, hapo ndipo ugonjwa ulipo, na dawa mtaitengeneza pamoja kwa dakika kumi. Akijibu "alitaka kumlipia Dafu deni", umeshajua la kufanya.

Pia, kwa kuwa moto ule ulipoza meza nzima, hakikisha kwamba kilichowapoza ni kulazimishwa tu na si kitu kingine. Moto usiku, familia iliyopoteza riziki: huwezi kujua nani kati yao ana kumbukumbu ya jambo kama hilo. Ilibidi mzungumze kabla ya kikao cha kwanza mambo gani hamuyataki mezani. Mkae sasa, hamjachelewa. Wengi hutumia kadi yenye alama ya X aliyoianzisha John Stavropoulos. Inakaa katikati ya meza, mtu akiigusa tukio linarukwa, na haulizwi sababu. Mezani kwangu imeguswa mara chache sana, na kila mara mchezo uliendelea ndani ya nusu dakika.

Saa nne za maandalizi zinatisha, na zitakumaliza. Unaandaa sana kwa sababu hujui wanaenda wapi, kwa hiyo unaandaa kila mahali. Waulize! Dakika tano za mwisho za kila kikao, kabla watu hawajakusanya dadu zao: "Mkutano ujao mnakusudia kufanya nini?" Wakisema wanaenda kumtafuta mnunuzi wa kamba, unaandaa mnunuzi wa kamba. Wakibadilisha mawazo baadaye, haki yao, lakini ni mara chache. Mipango si matumizi, ila mipango yao huwa karibu na matumizi kuliko yako.

Karatasi yangu ya kikao ni moja, upande mmoja. Juu naandika tukio la kufungulia. Katikati wanakaa watu watatu au wanne na mistari yao mitatu mitatu, na saa moja au mbili zilizochorwa. Pembeni kuna vidokezo, kila kimoja na kisanduku cha kutia alama kikishatoka. Chini kabisa kuna orodha ya majina kumi ambayo hayana mtu bado, na hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote kwenye karatasi ile. Wachezaji wakimuuliza mvuta kamba jina lake, natazama chini nasema "Mosha" bila kupepesa macho, kisha mbele ya jina naandika "mvuta kamba, kivukoni, ana kovu". Ukisitasita, wanajua huyo mtu si muhimu. Ukijibu papo hapo, kila mtu mjini ni muhimu. Mimi haya yote hunichukua saa moja. Siku nyingine dakika arobaini, na mara kadhaa nimeiandika nikiwa njiani.

Kukaza kamba, hapana. Wakifika ngomeni kabla hujaiandaa, waambie hivyo hivyo: "Nipeni dakika kumi." Nimefanya mara nyingi na sijawahi kuona mchezaji aliyeondoka.

Kuhusu kikao cha saba, anza kabla ya mchezo. Waambie kwamba kivuko ulikichoma wewe kwa sababu uliishiwa, na hutafanya tena. Maneno mawili matatu, usilie wala usijieleze sana. Kisha fungua hivi: usiku, mahali walipolala, mlango unagongwa taratibu. Ni Dafu. Nyusi zake zimeungua upande mmoja. Chini ya kwapa amebeba kipande cha ubao mweusi, anakiweka sakafuni mbele yao, na harufu ya mafuta ya taa inajaa chumba.

"Jikoni kwangu siweki mafuta haya," anasema. "Na nyinyi mlilala kwangu usiku ule. Mlimwona nani?"

Halafu waulize wanafanya nini, na unyamaze hadi mmoja wao aongee.